Ujumbe uliofika kabla ya zamu yake: kisa cha CCS ndani ya OpenSSL

Tarehe 5 Juni 2014 mradi wa OpenSSL, maktaba ya msimbo inayosimba mawasiliano ya mtandaoni, ulitoa matoleo matatu kwa mpigo: 0.9.8za, 1.0.0m na 1.0.1h. Wasimamizi wa seva walikuwa bado na uchovu wa Heartbleed, udhaifu mwingine wa maktaba hiyo uliotangazwa tarehe 7 Aprili mwaka huohuo, na taarifa mpya ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Iliorodhesha udhaifu kadhaa. Nitauzungumzia mmoja tu, CVE-2014-0224 (ndiyo namba yake katika orodha ya kimataifa ya udhaifu), ambao wengi waliuita CCS Injection, yaani kuchomeka ujumbe uitwao CCS.

Heartbleed ilikuwa kosa la kumbukumbu: mtu anadai arudishiwe baiti nyingi kuliko alizoleta, na seva inamhesabia bila kuangalia. Huu wa Juni ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Hakuna kumbukumbu iliyomwagika, wala hesabu ya usimbaji iliyokosewa. Ujumbe uliosababisha balaa ulikuwa ujumbe halali wa itifaki, umeandikwa sawasawa, baiti yake iko mahali pake. Kasoro ni kwamba ulifika mapema, na maktaba ikaupokea na kuufanyia kazi kana kwamba saa yake imefika.

Aliyeugundua ni Masashi Kikuchi wa kampuni ya Lepidum ya Japani. Taarifa yake iliwafikia OpenSSL tarehe 1 Mei 2014 kupitia JPCERT/CC, kituo cha Japani cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Msimbo wenye kasoro ulikuwamo tangu toleo la kwanza la OpenSSL, Desemba 1998. Yaani miaka 15 na nusu, katika maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya seva za wavuti duniani.

Nimeusoma msimbo huo mara nyingi, kabla na baada ya kiraka, yaani marekebisho yake, na kila mara narudi palepale: kufuatilia hali ya handisheki ni kazi ya usalama. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama kazi ya kumbukumbu tu, ya kuandika tumefika wapi.

Mpangilio wa salamu

Neno handisheki wasomaji wa magazeti ya Kenya walilizoea tangu Machi 2018 kwa mambo ya siasa. Hapa nalitumia kwa maana ya mafundi wa mitandao: mazungumzo mafupi ya mwanzo ambayo mteja na seva hukubaliana ndani yake njia ya kusimba, kisha wakatengeneza funguo za siri.

Katika TLS 1.2, itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandao iliyoelezwa katika RFC 5246 (waraka rasmi wa kanuni za mtandao) ya mwaka 2008, mtindo wa kawaida wa RSA, unaotumia jozi ya ufunguo wa hadharani na wa siri, huenda hivi. Mteja hutuma ClientHello, yenye baiti 32 za nasibu na orodha ya njia za usimbaji anazozijua. Seva hujibu ServerHello yenye nasibu yake na njia iliyochaguliwa, halafu cheti chake, halafu ServerHelloDone kusema nimemaliza. Mteja hutuma ClientKeyExchange, ambayo ndani yake mna siri iliyofungwa kwa ufunguo wa hadharani wa seva. Kutokana na siri hiyo pande zote mbili hupata siri kuu ya baiti 48, na kutokana na siri kuu pamoja na zile nasibu mbili zinapatikana funguo za kusimbia. Kisha mteja hutuma ChangeCipherSpec, kwa kifupi CCS, maana yake: kuanzia rekodi inayofuata ninasimba. Mara hufuata Finished, ambayo ni muhuri juu ya ujumbe wote wa handisheki uliopita. Seva nayo hutuma CCS yake na Finished yake. Basi, mlango umefunguka.

Aliyekulia Uswahilini anaujua mpango wa namna hii bila kufundishwa. Unapiga hodi, unasubiri karibu, ndipo unavua viatu na kuingia. Aliyekutwa sebuleni bila kukaribishwa hana utetezi hata kama hodi alijua kuipiga na viatu alivivua vizuri.

Kuna jambo moja la CCS lililozaa kisa hiki chote. Ingawa hutumwa katikati ya handisheki, kwa sheria si ujumbe wa handisheki. Ina aina yake ya rekodi, namba 20, ilhali ujumbe wa handisheki husafiri kwa namba 22. Maudhui yake ni baiti moja tu yenye thamani 1. Waandishi wa RFC walieleza sababu: waliitenga ili kuepusha foleni ya rekodi kukwama wakati wa kubadilisha usimbaji. Ni sababu ya kiufundi inayoeleweka, lakini ilikuja na gharama mbili. Kwanza, kwa kuwa CCS si ujumbe wa handisheki, haihesabiwi katika muhuri wa Finished, hivyo mtu wa kati akichomeka CCS ya ziada muhuri hautalia. Pili, katika maktaba nyingi rekodi ya aina 20 hushughulikiwa na msimbo wa tabaka la rekodi, ule unaofunga na kufungua vifurushi vya data. Huo si msimbo unaojua handisheki imefika wapi.

Shajara na mlinzi

OpenSSL ya wakati ule ilikuwa na faili mbili kubwa, s3_clnt.c ya mteja na s3_srvr.c ya seva. Katika kila moja kuna kitanzi kisicho na mwisho, na ndani yake tawi refu linalosoma thamani iitwayo s->state. Hali zina majina kama SSL3_ST_SR_CLNT_HELLO_A na SSL3_ST_CR_FINISHED_B. Herufi za mwisho zilinitatiza nilipoanza kusoma. A maana yake kazi ya ujumbe huo ndiyo kwanza inaanza. B maana yake imeanza lakini haijakamilika, kwa sababu soketi isiyozuia (mlango wa mtandao usiokaa kusubiri data) huweza kukurudisha nusu ya njia, kisha uitwe tena baadaye uendelee ulipoachia. Kwa hiyo hali ilikuwa inabeba mambo mawili kwa pamoja: tumefika wapi katika itifaki, na tumefika wapi katika kusoma au kuandika baiti.

Ukitaka kuiona hali hiyo ikitembea, chukua zana ya openssl kwenye kompyuta yako, uendeshe s_client ukiongeza -state. Itakuchapishia kila hatua inayopita. Matoleo ya zamani yalichapa mistari ya mtindo wa «SSLv3 read server hello A». Ni msaada mkubwa sana mtu anapotafuta kwa nini muunganisho unakwama. Nafikiri ndiyo maana wengi tuliichukulia hali kama shajara: kitu unachofungua baadaye ili ujue kilichotokea.

Lakini hali ilikuwa na kazi nyingine, ya mlinzi. Kila funksheni ya kupokea ujumbe iliita ssl3_get_message na kuitajia aina inayotarajiwa. Ukija ujumbe mwingine, muunganisho unavunjwa kwa kosa la ujumbe usiotarajiwa. Kwa ujumbe wa handisheki, basi, mlinzi alikuwapo, ingawa kuna milango alikoambiwa apitishe yeyote, nami nitairudia baadaye.

CCS haikupita kwa mlinzi huyo. Ilipokelewa katika s3_pkt.c, ndani ya ssl3_read_bytes, yaani kwenye tabaka la rekodi. Pale msimbo ulikagua kwamba urefu ni baiti moja na thamani ni 1, ukakagua jambo jingine nitakalolieleza punde, kisha ukaweka alama s->s3->change_cipher_spec na kuita funksheni ya kubadilisha usimbaji. Thamani ya s->state haikuulizwa lolote la maana kuhusu zamu.

Ukaguzi wa mpangilio ulikuwapo upande mmoja tu. Ndani ya ssl3_get_finished kuna swali: je, CCS imeshafika? Kama bado, kosa lenye jina GOT_A_FIN_BEFORE_A_CCS. Aliyeandika mstari huo alijua vema kwamba mpangilio una umuhimu. Alizuia Finished isitangulie CCS. Hakuzuia CCS isitangulie kila kitu kingine.

Namna shambulio linavyokwenda

Mshambuliaji lazima awe kati ya mteja na seva, mahali anapoweza kusoma na kubadilisha pakiti: mwenye ruta ya Wi-Fi ya mgahawa, kwa mfano. Anaziacha ClientHello na ServerHello zipite. Sasa pande zote mbili zinajua njia ya usimbaji iliyochaguliwa na nasibu zote mbili. Mshambuliaji naye anazijua, kwa sababu zimepita wazi.

Hapo anatuma CCS moja kwa mteja na nyingine kwa seva. ClientKeyExchange bado haijatumwa, kwa hiyo siri kuu haipo. Mahali pake kwenye kumbukumbu papo, lakini urefu wake ni sifuri. OpenSSL inaipokea CCS, inaona imeambiwa ibadilishe usimbaji, inakwenda kutengeneza funguo, na inazitengeneza kutokana na siri kuu yenye urefu wa sifuri pamoja na nasibu mbili zilizopita hadharani. Hesabu inafanyika bila malalamiko. Matokeo ni funguo ambazo mtu yeyote aliyeziona nasibu anaweza kuzitengeneza mwenyewe.

Baada ya hapo handisheki inaendelea kama kawaida. ClientKeyExchange inakuja, siri kuu ya kweli ya baiti 48 inapatikana. Ungetegemea funguo zitengenezwe upya. Hazitengenezwi. Funksheni ya kuandaa funguo inaanza kwa kuangalia kama kifurushi cha funguo kimeshaandaliwa, key_block_length si sifuri, na kama ndivyo inarudi mara moja, kazi imekwisha. Mstari huo uliwekwa kuepusha kufanya kazi mara mbili, nia njema kabisa. Hapa ndio uliozifungia ndani funguo mbovu.

Finished sasa inatengenezwa kwa siri kuu ya kweli, juu ya ujumbe wa kweli wa handisheki. CCS zilizochomekwa hazimo katika hesabu. Pande zote mbili zinalinganisha mihuri na kuona inakubaliana. Mshambuliaji ana kazi ya ziada katikati, kwa sababu kila upande ulianza kutarajia rekodi zilizosimbwa mapema kuliko mwenzake alivyoanza kuzituma, na namba za mfuatano zimepishana. Lakini funguo anazo: anafungua, anasimba upya kwa namba inayotakiwa, anapitisha. Mteja anaona kufuli kwenye kivinjari, cheti ni cha kweli, seva ni ya kweli. Na mtu wa kati anasoma kila neno.

Shambulio lilihitaji pande zote mbili ziwe dhaifu. Wateja wa OpenSSL wa matoleo yote walikuwamo. Seva zilizojulikana kuwa dhaifu ni za 1.0.1 na 1.0.2-beta1. Vivinjari vya Firefox, Safari, Internet Explorer na Chrome ya kompyuta vilitumia maktaba nyingine, vikapona. Chrome ya Android ilitumia OpenSSL, haikupona. Hilo halikuwa jambo dogo kwa Afrika Mashariki, ambako kwa watu wengi simu ndiyo kompyuta pekee. Programu za nyuma ya pazia, zile zinazopiga simu kutoka seva moja hadi nyingine bila kivinjari, nazo zilikuwa hatarini.

Kengele zilizolia kabla

Hapa ndipo kisa kinaponiuma zaidi.

Machi 2004 OpenSSL ilitoa marekebisho ya CVE-2004-0079. Zana ya majaribio ya kampuni ya Codenomicon ilikuwa imeonyesha kwamba handisheki iliyoandaliwa kwa hila huweza kuiangusha programu, kwa sababu funksheni do_change_cipher_spec inajaribu kutumia kielekezi kisichoelekeza popote. Yaani ujumbe wa kubadilisha usimbaji umekuja kabla hata njia ya usimbaji haijachaguliwa. Kiraka kiliongeza swali ndani ya ssl3_read_bytes: je, tuna njia ya usimbaji ya kubadilikia? Kama hatuna, toa kosa. Na kosa hilo liliitwa CCS_RECEIVED_EARLY.

Ulisome jina hilo tena, kisha uangalie tarehe. Miaka 10 kabla ya Kikuchi, maktaba tayari ilikuwa na kosa lenye jina la CCS imefika mapema. Jina lilikuwa sahihi. Swali lililoandikwa chini ya jina ndilo lililokuwa jembamba: liliuliza kama kitu fulani kipo kwenye kumbukumbu. Kati ya ServerHello na ClientKeyExchange njia ya usimbaji imeshachaguliwa, kitu kipo, swali linajibiwa ndiyo. Mlango uliofungwa mwaka 2004 ulikuwa wa dakika ile ya kwanza kabisa. Ule wa dakika iliyofuata ukabaki wazi.

Kengele ya pili ni CVE-2009-1386, safari hii kwenye DTLS, ndugu wa TLS anayesafiri juu ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zinafika kwa mpangilio. CCS iliyofika kabla ya ClientHello iliiangusha programu. Kiraka kikauliza: je, s->session, yaani kumbukumbu ya kikao, ipo? Kama haipo, kosa lilelile la CCS_RECEIVED_EARLY. Msimbo ukabaki na maelezo kwamba jambo hili huenda likatokea iwapo dtls1_read_bytes ndiyo iliyoita. Kwa mara nyingine swali likawa la kuwapo kwa kitu.

Siwalaumu waliorekebisha. Walikuwa wachache, wengi wakijitolea, na mbele yao walikuwa na programu inayoanguka. Ukiletewa taarifa kwamba kielekezi ni tupu, mkono unakwenda wenyewe kuandika kama ni tupu rudi. Lakini kuanguka ilikuwa dalili. Ugonjwa ulikuwa kwamba CCS inaweza kuingia wakati wowote, na kwa kila kiraka maktaba iliacha kuanguka huku ikiendelea kuumwa. Ningependa kila anayesoma historia ya msimbo huu asimame hapa kwa muda.

Kwa nini haikuonekana? Mteja mwaminifu hatumi CCS mapema hata mara moja katika maisha yake. Majaribio mengi ya maktaba za mtandao huwa ni ya kuona kama muunganisho unafaulu, na ulifaulu kila siku mabilioni ya mara. Kikuchi mwenyewe alieleza kwamba kilichokosekana ni ukaguzi wa kutosha wa msimbo, hasa kutoka kwa watu waliowahi kuandika TLS kwa mikono yao. Yeye aliifikia hitilafu hii akifikiria jinsi ya kuandika na kuthibitisha TLS kwa Coq, zana inayomlazimisha mtu atoe hoja ya kihisabati kwa kila hatua. Ukitakiwa kuthibitisha kwamba baada ya hali hii inakuja ile, huwezi kuiruka CCS. Ni lazima useme inaruhusiwa wapi, na ukishasema, unataka kuona wenzako walisemaje.

Kiraka cha Juni

Kiraka kilitengenezwa na Stephen Henson wa OpenSSL, kwa sehemu kikitegemea kile alicholeta Kikuchi. Kina vipande viwili, na vinafundisha kwa namna tofauti.

Kipande cha kwanza kiko ndani ya funksheni ya kubadilisha usimbaji. Mahali palipouliza kama session ipo, sasa panauliza pia kama urefu wa siri kuu ni sifuri. Hili linaua shambulio lenyewe: bila siri, hakuna funguo. Bado ni swali la kuwapo kwa kitu, lakini safari hii kitu chenyewe ni kile kinachohusika.

Kipande cha pili ni alama mpya, SSL3_FLAGS_CCS_OK, biti moja ya 0x0080. Msimbo wa handisheki huiwasha unapofika mahali ambapo CCS ndiyo inayosubiriwa. Tabaka la rekodi likipokea CCS huangalia alama. Ikiwa imezimwa, kosa. Ikiwa imewashwa, CCS inapita na alama inazimwa hapohapo, hivyo ruhusa ni ya safari moja. Hatimaye jina CCS_RECEIVED_EARLY likapata swali linalolistahili, na tabaka la rekodi likaanza kuomba ruhusa kwa anayejua zamu.

Mtu aweza kudhani kipande cha kwanza kingetosha. Hakitoshi, na sababu iko katika handisheki fupi. Mteja na seva waliozungumza jana wanaweza kuendeleza kikao kile kile: baada ya ServerHello, seva ndiyo inayotangulia kutuma CCS na Finished, kisha mteja. Mpangilio unageuka kichwa chini. Na siri kuu inatoka kwenye kikao cha jana, urefu wake si sifuri tangu mwanzo, kwa hiyo ukaguzi wa urefu hauna la kusema. Anayelinda mpangilio pale ni alama peke yake.

Upande wa seva kulikuwa na ugumu mwingine. CertificateVerify hutumwa tu kama mteja alileta cheti chake, na wateja wengi hawaleti. Kwa hiyo seva iliyo katika hali ya kusubiri CertificateVerify inaweza kihalali kukutana na CCS. Kiraka kiliwasha alama katika hali hiyo. Kilikuwa sahihi kwa mteja asiye na cheti, na kilikuwa kipana mno kwa mwenye cheti. Biti moja haiwezi kubeba habari ya njia nzima iliyopitwa.

Januari ya mwaka uliofuata

Nilisema kuna milango ambako mlinzi aliambiwa apitishe yeyote. Baadhi ya ujumbe katika TLS ni wa hiari kulingana na njia ya usimbaji. ServerKeyExchange huwapo katika njia zenye funguo za muda, na haipaswi kuwapo katika RSA ya kawaida. OpenSSL ilishughulikia hiari hiyo kwa kuisomea kila aina: funksheni inaita ssl3_get_message ikiipa -1 mahali pa aina, maana yake chochote kije. Kikija ServerKeyExchange, ichakatwe. Kikija kingine, kirudishwe mezani kwa hatua inayofuata na kazi iendelee.

Tarehe 8 Januari 2015 OpenSSL ilitangaza udhaifu kadhaa, na mitatu kati yake ilitoka kwa Karthikeyan Bhargavan wa kundi la Prosecco huko INRIA, taasisi ya utafiti ya Ufaransa. Mteja aliyechagua ECDHE, moja ya njia zenye funguo za muda, aliikubali seva iliyoruka ServerKeyExchange, akapoteza ule ulinzi wa funguo za muda bila kujua. Seva iliyoletewa cheti cha DH (Diffie-Hellman, njia ya kukubaliana funguo) ilimkubali mteja bila kumdai CertificateVerify. Na mteja wa RSA ya kawaida aliipokea ServerKeyExchange asiyoiomba, ikiwa na ufunguo dhaifu wa biti 512 wa zama ambazo Marekani ilizuia usimbaji imara kuuzwa nje. Huo wa mwisho ndio CVE-2015-0204. Mwanzoni ulipewa uzito wa chini. Machi dunia iliufahamu kwa jina la FREAK, na OpenSSL ikaupandisha daraja.

Yote matatu ni swali lilelile la zamu katika mavazi tofauti: ujumbe ulioruka, na ujumbe uliozidi. Mwaka huohuo Joeri de Ruiter na Erik Poll walichukua utekelezaji wa TLS wa aina 9, wakautumia ujumbe kwa mipangilio ya kila namna, na kutokana na majibu wakauchora kila mmoja ramani ya hali zake. Walipata kasoro mpya za usalama katika GnuTLS, katika maktaba ya Java na katika OpenSSL. Na ramani hazikufanana, ilhali itifaki ni moja.

Matt Caswell wa OpenSSL ndiye aliyeandika upya mashine ya hali, kazi iliyotoka na toleo la 1.1.0 mwezi Agosti 2016. Yale mambo mawili yaliyokuwa yamesongamana ndani ya s->state yalitenganishwa. Mashine moja inajua mwendo wa ujumbe: tunasoma, tunaandika, tumemaliza, tumekosea. Nyingine inajua handisheki. A na B zikaondoka. Kila upande una funksheni ya mpito, kwa mfano ossl_statem_client_read_transition, ambayo kabla ya ujumbe kuchakatwa huulizwa: nikiwa katika hali hii, nikiwa nimepita njia hii, ujumbe wa aina hii unaruhusiwa? Jibu la hapana ni mwisho wa muunganisho. Maswali ya hiari, ya cheti cha mteja na ya njia ya usimbaji yamekusanywa pale, na mtu anaweza kuyasoma kwa kikao kimoja.

Na CCS? Ndani ya 1.1.0 ilipewa namba ya bandia ya ujumbe wa handisheki, SSL3_MT_CHANGE_CIPHER_SPEC, thamani 0x0101. Aina za kweli za handisheki hutoshea katika baiti moja. 0x0101 ni 257, haitoshei, kwa hiyo hakuna ujumbe wa mtandaoni unaoweza kujifanya ndio huo. Kwenye waya CCS inabaki na rekodi yake ya aina 20 kama itifaki inavyotaka, lakini ikishaingia ndani inapanga foleni na wengine na kuulizwa zamu. Mstari mmoja wa msimbo, na napenda sana ulivyofikiriwa.

Toleo hilo pia liliiondoa SSL_set_state. Kabla yake programu ya nje ingeweza kuiandikia maktaba hali. Moduli ya mod_ssl ya seva ya wavuti ya Apache, kwa mfano, iliweka SSL_ST_ACCEPT kwa mkono ili handisheki ianze upya. Kusoma kulibaki, kupitia SSL_get_state.

Tatizo hili si la TLS peke yake. Oktoba 2018 maktaba ya libssh, ya itifaki ya SSH ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, ilitoa 0.8.4 na 0.7.6 kurekebisha CVE-2018-10933, iliyogunduliwa na Peter Winter-Smith wa NCC Group. Ujumbe wa SSH2_MSG_USERAUTH_SUCCESS ni wa seva kumwambia mteja umethibitishwa. Seva ya libssh iliupokea kutoka kwa mteja na ikamhesabu kuwa amethibitishwa, bila nywila wala ufunguo. Ni mtoto aliyeingia na kumwambia mzee marahaba, na mzee akampisha kiti. Zamu ina mambo mawili, lini na nani, na libssh ilisahau la pili.

Ukiwa unaandika au kutunza maktaba ya namna hii, jaribio la kwanza ningeliandika hivi: chukua handisheki iliyofaulu, uirekodi, kisha kwa kila nafasi ndani yake uchomeke kila ujumbe mwingine unaojulikana, uondoe uliopo, uurudie mara mbili, na kwa kila mchanganyiko utarajie kosa isipokuwa pale RFC inaporuhusu waziwazi. Handisheki ina ujumbe usiozidi kumi na kidogo. Mchanganyiko wote unaisha kabla chai haijapoa. Ilivyo ni kwamba CCS baada ya ServerHello ingekuwa katika dakika ya kwanza ya jaribio hilo.

TLS 1.3, RFC 8446 ya Agosti 2018, iliinyang'anya CCS kazi yake. Funguo hubadilika zenyewe kwa kufuata ujumbe wa handisheki. Lakini vifaa vya katikati ya mtandao vilikuwa vimezoea kuiona, vingine vilikata muunganisho visipoiona, kwa hiyo iliruhusiwa kutumwa kwa ajili ya sura tu na mpokeaji anaitupa. Hata katika kutupwa imewekewa mipaka: lazima iwe baiti ile ile moja yenye thamani 1, na lazima ije baada ya ClientHello ya kwanza na kabla ya Finished ya upande wa pili. Nje ya hapo, muunganisho unavunjwa kwa kosa la ujumbe usiotarajiwa.